Mfalme Anatutoka

Kikundi cha maigizo kinachosafiri hakibebi fanicha, kinabeba kitanda kimoja. Chetu kina urefu wa mita 2, upana wa sentimita 90, uzito kama kilo 40, na kina kazi nyingi kuliko baadhi yetu: onyesho la kwanza ni mashua, la tatu ni meza ya hakimu, la tano ndicho anachofia mfalme. Ndiyo sababu kina magurudumu manne, mawili yakiwa na breki za kukanyagia. Waigizaji tuko 6 na wahusika ni 19, kwa hiyo hakuna wa kukaa bure, hata mbao.

Ukumbi ulituletea vipimo mapema: upana wa jukwaa mita 9, kina mita 7, mlango wa kushushia mizigo mita 1.5. Vyote sahihi. Kilichokosekana ni kwamba jukwaa limeinama. Majukwaa mengi ya zamani yalijengwa hivyo, nyuma juu na mbele chini, ili aliyesimama nyuma asizibwe na aliye mbele. Lile lilishuka sentimita 5 kila mita, yaani nyuma palikuwa juu kwa sentimita 35 kuliko ukingoni. Kwa macho huoni kitu. Gololi ingetuonyesha mara moja, lakini nani hufungasha gololi?

Mchana tulipiga mstari wa katikati, tukapima kutoka hapo, tukabandika utepe pale yanapokaa magurudumu, tukakanyaga breki. Kitanda kikatulia, kwa kuwa kilikuwa kitupu. Breki ya aina ile hubana kwa nguvu ileile siku zote. Ukiongeza uzito, kinachovuta kinaongezeka, kinachobana kiko palepale. Dawa yake ni kabari nne za mbao, zipakwe rangi nyeusi zisionekane, zisukumwe chini ya magurudumu upande wa mteremko. Kabari tulizipata kesho yake.

Usiku akapanda mfalme mwenye kilo 85. Malkia akaegemea ubavuni, mwana mkubwa akajitupa miguuni kwa kilio, na kilio chake si chepesi. Mimi nilikuwa daktari. Daktari ana maneno mawili tu: "Mfalme anatutoka."

Nikayasema. Kitanda kikaondoka.

Kiliondoka taratibu, kwa heshima zote, kuelekea safu ya mbele. Malkia akabaki ameegemea hewa. Nikakikimbilia, nikageuka, nikakizuia kwa makalio huku nimekunja uso wa majonzi.

Sasa shida. Daktari akishasema, hutoka, maana sekunde 40 baadaye anaingia upande wa pili akiwa mjumbe wa adui. Pembeni maleba yalikuwa tayari: koti lililopasuliwa mgongoni na kushonewa utepe wa kubandika badala ya vifungo, buti zisizo na kamba, na mwenzetu wa kunivisha ameshalitanua koti. Ananitazama, namtazama. Nikiachia, mfalme atawafia watu mapajani.

"Malkia, mshike mumeo," nikasema.

Akamshika mkono.

"Chini kidogo, Mtukufu."

Akamshika goti.

Ngoma ya kumtangaza mjumbe ikalia. Mjumbe hakutokea. Mpiga ngoma akadhani sikusikia, akaongeza nguvu. Mwana mkubwa, ambaye naye alitakiwa akavae nguo za mchimba kaburi, akaniuliza kwa sauti ya kifalme, "Mbona mjumbe haingii?"

"Nimekutana naye mlangoni," nikajibu. "Ujumbe kaniachia mimi."

Basi daktari wa mfalme, amekalia nusu kitanda, akamwaga vitisho vyote vya adui, pamoja na lile tusi la ukoo. Mwishoni mjumbe huchomoa upanga. Sikuwa nao. Nikachomoa kijiko cha dawa.

Tukaanza tena kuteleza, safari hii mimi na kitanda pamoja, kwa sababu viatu vya daktari vina soli laini. Ndipo marehemu, aliyekwisha kufa kitambo, alipotoa mguu nje ya shuka, akakita kisigino sakafuni. Tukasimama. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nilitoka mbio nikidhani yameisha. Mvishaji hakuwa na habari ya mambo hayo. Yeye kazi yake ni koti. Alinivisha, akanisukumia buti, akanitupa jukwaani. Nikajikuta mbele ya watu, safari hii nina upanga, sina neno. Nikapiga saluti.

"Nimekuja kuuliza," nikasema, "kama ujumbe wetu umefika."

"Umefika," akajibu marehemu.