Nilivuka Mpaka Kwenda Kukimbia Mbele ya Gari

Katika miaka yangu arobaini na tisa nimealikwa kwenye harusi, misiba na vikao vya michango visivyohesabika, lakini sikuwahi kualikwa nje ya nchi hadi jioni moja ya mwezi wa Mei, shemeji yangu, ambaye ni fundi wa magari hapa Arusha, aliponijia na habari kwamba timu ya marafiki zake wa Nairobi imepungukiwa na mtu mmoja kwenye Rhino Charge, mashindano ya magari porini huko Kenya yenye jina la kifaru. "Shemeji, wewe unafundisha jiografia," alisema, "ramani unaijua." Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima. Usiku ule nililala nikijiona nimeketi kiti cha mbele, mkanda kifuani, ramani mapajani, kioo kimeshushwa nusu. Ajabu ni kwamba katika mazungumzo yote yale neno "kiti" nililitaja mimi peke yangu.

Mpakani Namanga nilijaza fomu, na penye sababu ya safari nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni: mashindano ya magari. Kisha nikabadilisha fedha. Nilitoa bunda la laki mbili nikarudishiwa noti chache ambazo ningeweza kuzificha kwenye soksi, nikakumbuka kwa uchungu kwamba hadi mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa shilingi yake, Mkenya na Mtanzania tulikuwa tunatumia shilingi moja.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1989, hufanyika kila mwaka karibu na sikukuu ya Madaraka ya Kenya, Juni mosi, na mahali pake hufichwa hadi siku zinapokaribia, kama watu wanavyoficha mahari. Gari huanza saa moja na nusu asubuhi na kumaliza saa kumi na moja na nusu jioni, na katika muda huo linatakiwa kufika vituo 13 vilivyotawanywa porini. Nilidhani mshindi ni mwenye mbio. La hasha. Mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenzake, yaani njia ikizunguka kilima, mwenye akili timamu huzunguka nayo, na mwenye kutaka kombe hupanda kilima. Michango inayokusanywa hujenga uzio wa umeme wa kulinda misitu na wanyama; ule wa milima ya Aberdare huko Kenya, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulikamilika mwaka 2009. Jambo ni jema, silipingi, ila kifaru mwenyewe tuliyekuwa tukimtaabikia sikumwona hata mkia.

Asubuhi ya mashindano nilifungua mlango wa gari, nikakuta kiti changu kimekaliwa na jeki, kamba na matairi ya akiba. "Mwalimu," dereva aliniambia kwa heshima kubwa, "wewe ni mkimbiaji." Kazi ya mkimbiaji ni kutangulia mbele ya gari kwa miguu, kutafuta mahali panapopitika, kisha kurudi kuonyesha kwa mikono. Kwa miaka ishirini na miwili nimewafundisha watoto wa watu kwamba mistari ya kontua kwenye ramani ikikaribiana sana, mteremko ni mkali, na waliokosa swali hilo nimewanyima alama bila huruma. Siku ile niliikuta mistari hiyo imesimama wima mbele yangu, na katikati yake kuna migunga yenye miiba iliyopinda kama ndoana, ambayo ukisogea mbele inakushika shati, ukirudi nyuma inakushika suruali, na ukisimama kutafakari, dereva anapiga honi.

Kwenye korongo la tatu soli ya kiatu changu cha kulia iliachia kuanzia kidole hadi kisigino, ikawa inapiga makofi kila nikikanyaga. Shemeji alitoka chini ya gari, akaichunguza kama anavyochunguza gasketi, akaifunga kwa waya wa kufungia bomba la moshi, akakaza kwa koleo, kisha akaniuliza: "Hapa panapitika?" Swali hili halina jibu salama. Ukisema panapitika na gari likakwama, umeponza timu. Ukisema hapapitiki na jirani akapita, wewe ni mwoga. Nilisema panapitika. Tulikaa hapo saa nzima na nusu, watano tukining'inia nyuma ya gari lisije likapinduka kwa pua, na rejeta ikinywa maji niliyokuwa nimejiwekea mimi.

Tulifika vituo 11. Wenzangu walikumbatiana kana kwamba tumefika 20.

Nilirudi kwa basi, kwa kuwa shemeji alibaki Nairobi kukarabati kile nilichosema kinapitika. Namanga afisa, kijana mpole, aliniuliza nilikuwa na shughuli gani Kenya.

"Mashindano ya magari."

Akanitazama usoni, akashuka hadi kwenye waya wa kiatu, akachungulia nyuma yangu. "Na gari liko wapi, mzee?"

Nilimweleza kwa kirefu, kuanzia kontua. Aligonga muhuri kabla sijafika kwenye korongo, akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili na kusema, "Pole sana."