Sementi kwenye jino: kiraka cha maskini au tiba kamili?

Mwezi uliopita mama mkubwa wangu anayekaa Mbagala alirudi kutoka kliniki ya meno kashika shavu, hata hajakaa vizuri binamu yangu akamuuliza, mama wamekuziba na nini? Akajibu, wamesema sementi. Basi hapo ndo mjadala ulipoanzia mpaka chai ikapoa. Binamu anasema mama yake kawekewa kiraka, kwamba sementi ni ile wanayowazibia watoto wa shule kwenye kambi za bure, mtu mwenye hela yake anawekewa kompositi, ile ya kumulikwa na taa ya bluu mpaka igande. Na mama mkubwa mwenyewe wasiwasi ukamwingia, kila dakika anapitisha ulimi pale.

Mimi kazi yangu ni kumsaidia daktari wa meno, hizi sementi nazikoroga karibu kila siku, kwa hiyo yale maneno yaliniuma, ila siwezi kusema binamu kayatoa hewani. Kuna sehemu kasema kweli tupu na kuna sehemu kapotea, na shida ni kwamba wengi hapa mjini wanafikiri kama yeye.

Kwanza hilo jina. Ukisema sementi mtu wa Dar anaona mifuko ya Wazo Hill na tofali zinakauka juani. Kwenye meno sementi ni ukoo mzima, zinafanana kitu kimoja tu, kwamba nyingi ni unga na majimaji, ukikoroga unapata uji mzito halafu unaganda. Ipo zinki fosfeti, ya tangu karne ya 19, ya kugandishia kofia za meno, zile zinazofunika jino zima, ile haishikani na jino lenyewe, inajaza mikwaruzo na nafasi ndogondogo ikakaza kama kabari. Ipo ya zinki oksidi na mafuta ya karafuu, karafuu hii hii ya Unguja na Pemba, ile harufu inayokupokea mlangoni kwa daktari wa meno mara nyingi ni hiyo. Inatuliza maumivu vizuri sana na hapo ndo inapoponza watu, maana ni ya muda tu, mtu anaambiwa arudi baada ya wiki mbili, maumivu yakiisha harudi, anakuja mwaka unaofuata jino limeoza mpaka ndani. Na ukitaka baadaye kuweka ile ya taa ya bluu mwambie daktari kwamba uliwahi kuwekewa ya karafuu, kwa sababu mabaki ya yale mafuta yanaizuia isigande sawasawa.

Sementi aliyowekewa mama mkubwa ni nyingine, inaitwa glasi ionoma. Ilibuniwa London mwaka 1969 na Alan Wilson na Brian Kent kwenye maabara ya Mkemia wa Serikali ya Uingereza, matokeo yakachapishwa 1972. Unga wake ni glasi iliyosagwa, yenye alumini, silika na floraidi, majimaji yake ni asidi ya poliakriliki. Asidi ikikutana na unga inaitafuna ile glasi, na wakati huo huo inashikana na kalsiamu ya jino lenyewe. Yaani hapa tofauti na zinki fosfeti kuna mshikano wa kikemia, halafu haidai jino likauke kabisa kama ile ya taa.

Wanaoidharau natamani wangeiona inavyokorogwa. Kijiko kimoja cha unga, kisawazishwe juu kisiwe na mlima, tone moja la majimaji, chupa uishike wima kabisa na tone lisiwe na kapovu ndani. Unagawa unga mara mbili, unachanganya haraka kwenye karatasi yake, usisugue kama unga wa maandazi. Hapo mchanganyiko uwe unang'aa kama umelowa, mng'ao ule ndo dalili kwamba asidi bado ipo ya kushika jino. Ukizubaa ukafifia, tupa, koroga nyingine. Na joto letu la Dar la Januari, umeme umekatika na AC imezima, inaganda haraka kuliko kwenye maelezo ya boksi. Msaidizi akiongeza tone la pili ili iwe laini na apate muda, kashaiua, itaganda ndiyo lakini itakuwa dhaifu. Sementi nyingi zinazosemwa hazidumu ziliharibikia hapo kwenye kukoroga, mgonjwa hajui na wala hataambiwa.

Kitu ambacho binamu hakijui ni kwamba hiyo mbinu ya kuziba ya kambi za bure imeanzia hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya kinywa kwa jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kutoboa, bila umeme, unaondoa sehemu iliyooza na kulainika kwa kijiko kidogo cha chuma halafu unaziba kwa sementi. Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi, ndo jina linalotajwa sana hapo. Mwanzoni walitumia sementi ya polikaboksileti, baadaye kwenye majaribio makubwa zaidi ya Thailand, 1991, ikaingia glasi ionoma, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe rasmi mbinu hiyo. Leo inafundishwa nchi kibao. Mwaka 2021 shirika hilo hilo likaiingiza glasi ionoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Sasa kitu cha namna hiyo ukikiita kiraka unanikosea.

Haya, ila upande wa binamu nao una uzito na nisipousema nitakuwa napiga porojo. Glasi ionoma ni dhaifu kwenye kutafuna. Ukiiweka kwenye gego, shimo likiwa kubwa linaloshika juu na ubavuni kati ya jino na jino, mtu anatafuna mihogo ya kukaanga na mahindi ya kuchoma, pale inavunjika au inalika. Takwimu za ile mbinu ya vifaa vya mkono zinasema hivyo hivyo: meno ya utoto yenye tundu la upande mmoja, zaidi ya 90 kati ya 100 zinakuwa bado zipo baada ya miaka miwili, lakini tundu likiwa la pande mbili au zaidi zinabaki 60 na kitu. Meno ya ukubwa, upande mmoja, kama 80 zinafika miaka mitano. Kwa hiyo tundu dogo la upande mmoja inafanya vizuri sana, tundu kubwa hapana. Pia haivutii machoni, imefifia kidogo, jino la mbele linaloonekana ukicheka ile ya taa ya bluu, kompositi, inapendeza zaidi, unapata rangi ya jino kabisa na inang'arishwa. Nimeshaona mtu kazibwa gego zima kwa glasi ionoma, kaambiwa "tumemaliza", hakuambiwa ni ya kushikilia tu mpaka apate kofia, ikavunjika baada ya miezi, akaapa hatarudi kwa daktari wa meno. Huyo ana haki ya kukasirika.

Ila jino la mama mkubwa halikuoza juu. Ni chonge la chini, limeoza pale shingoni kwenye mpaka wa fizi, na hapa ndo mjadala wote unabadilika.

Jino letu sehemu ya juu limevikwa enameli, ngumu kuliko mfupa. Mzizi hauna enameli, umevikwa kitu kingine ambacho madaktari wanaita sementamu, yaani sementi ya asili ya jino lenyewe. Kazi yake ni kushikilia nyuzi zinazofunga jino kwenye mfupa wa taya, nyuzi zinaingia ndani yake kama kamba zilizozamishwa kwenye udongo. Ni nyembamba mno, pale shingoni ni mikroni 20 hadi 50 (mikroni elfu moja ndo milimita moja), hata unywele mara nyingi ni mnene zaidi. Kuelekea ncha ya mzizi inanenepa na inaendelea kuongezeka umri wote, tabaka juu ya tabaka, wataalamu wanaweza kukadiria umri kwa kuhesabu mistari yake kama ya mti. Haina mishipa ya damu, haina neva.

Sasa fizi zikirudi nyuma, kwa umri, kwa ugaga, kwa kusugua na mswaki mgumu kama unafua jinzi, sementamu inabaki wazi. Inasuguliwa na kuisha haraka, chini yake dentini, sehemu ya ndani ya jino, inachungulia, ndo mtu anaanza kuruka akinywa maji ya baridi. Na mzizi haustahimili asidi kama enameli. Enameli inaanza kuyeyuka mdomoni kukifika pH kama 5.5 (pH ni kipimo cha asidi, kadiri namba inavyoshuka asidi inazidi), mzizi unaanza mapema, kwenye 6 na kitu. Chai yenye sukari unayoinywa kidogokidogo tangu asubuhi mpaka saa tano, enameli inaweza kuvumilia, mzizi unaumia.

Pale kwenye shingo kuzibia kompositi ni kazi kweli kweli. Inataka pakavu, na fizi iliyovimba inatoa damu na majimaji kila sekunde, na mshikano wake imara kabisa ni ule wa kwenye enameli ambayo pale ni kidogo au haipo. Glasi ionoma inashika hata pakiwa na unyevu kidogo, inatanuka na joto karibu sawa na jino, na inatoa floraidi pembeni yake. Na pale hakuna kutafuna kwa nguvu, kwa hiyo udhaifu wake mkubwa hauguswi. Mimi naona daktari alichagua sawa, na angechagua hivyo hivyo hata kama mgonjwa angekuwa tajiri wa Masaki.

Binamu alirusha na hoja ya floraidi, kwamba si ndo hiyo inayowaharibia watu wa Arusha meno yakawa ya kahawia? Ni kweli floraidi ya maji ya kule imezidi, lakini yale madoa yanaingia wakati jino bado linajengeka, utotoni. Mama mkubwa ana miaka 68, jino lake lilishajengeka zamani sana, na inayotoka kwenye sementi ni kidogo.

Kitu kingine kilichonigusa ni kwamba kabla ya kumziba walimsafisha, na yeye akalalamika kwamba hawakukwangua sana, eti zamani walikuwa wanakwangua mpaka unasikia kichwani. Zamani kweli ilikuwa hivyo. Iliaminika sumu ya bakteria imezama ndani ya sementamu, kwa hiyo unaikwangua yote mpaka mzizi uwe laini kama kioo. Tafiti za miaka ya 1980 zikaonyesha sumu nyingi imeshika juu juu tu, inatoka bila kukwangua sana. Wapo madaktari wanaosema ugaga ulioganda kwenye mashimo ya mzizi hautoki bila nguvu, na wana hoja, mzizi ukiachwa na ugaga fizi haiponi. Lakini ukishaitoa sementamu yote hapo shingoni umempa mtu jino la kuuma kila akinywa maji, mimi niko na wanaokwangua kwa kiasi.

Daktari aliyemtibu sina ugomvi naye kwenye alichoweka, nina ugomvi na ile sentensi moja, "tumeweka sementi", basi, mgonjwa anatoka mlangoni. Ilitakiwa dakika mbili tu, aambiwe ni ya aina gani, kwa nini pale, kwamba asitafunie upande ule kwa saa moja, kwamba atumie mswaki laini la sivyo shimo jingine litatokea jirani, na arudi lini kuangaliwa.

Juzi Jumapili nilipita Mbagala nikampelekea mswaki laini. Akanifungulia mdomo pale barazani nimulike na tochi ya simu. Ipo, kingo zimeshika, rangi imefifia kidogo kuliko jino ila huioni mpaka uvute mdomo. "Mwanangu, haiumi tena hata nikinywa maji ya friji," akaniambia. Binamu alikuwa pembeni, akainama na yeye kuangalia, halafu akauliza na lake la gego la nyuma, lile lililokatika nusu, linazibwa na nini. Nikamwambia lako sementi peke yake haitaliweza, twende ukapigwe picha ya eksirei kwanza.