Puto la Shemeji Ndani ya Kipanya

Naanza na konda, maana mpaka leo wapo watu wanaonipigia kelele kijiweni kwamba kosa lilikuwa langu. Mkono wangu haukugusa kitu. Ushahidi upo, kipanya kizima kilikuwa kinaangalia.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa Tirol, huko Austria. Mwezi wa pili Tanga ikiwa inawaka, kwao ndiyo theluji imeshiba milimani. Kijijini kwao yeye ni mjumbe wa kamati ya maporomoko ya theluji. Sisi kamati tunazozijua ni za harusi. Hii yao inatazama mlima, inapima theluji, halafu inamshauri meya kama barabara ifungwe au iachwe. Basi alimaliza zamu yake, akapanda ndege na mkoba uleule wa mlimani, kautia zawadi za watoto na soksi za sufu ambazo mpaka sasa sijui alimletea nani.

Nikampokea stendi ya Kange.

"Shemeji, huu si mkoba wa kawaida," akaniambia. Kiswahili chake kafundishwa na dada yangu, kwa hiyo anaongea vizuri kabisa, ila hata akikusalimia unahisi umegombezwa. Akaanza kunionyesha palepale kati ya wauza korosho. Ndani mna puto na feni ya betri. Theluji ikikuangukia unavuta mpini ulio kwenye mkanda wa bega, na kabla hujamaliza bismillahi puto limeshajaa, linakusaidia kubaki juujuu usizikwe. Akafungua zipu, akautoa mpini nje, akabonyeza kitufe, vitaa vikawaka. Nikasema mashallah.

Hapo konda wa Raskazone akatuzoa. Mgeni akapelekwa siti ya mbele kwa dereva, kama mjuavyo. Akampa konda "shikamoo", na konda, kijana wa juzi tu, akaitika "marahaba" bila kupepesa jicho. Mkoba nikabebeshwa mimi mgongoni. Mpini nje, vitaa vinamulika.

Kipanya kilikuwa kimejaa, yaani konda bado aliona nafasi ya watu wanne. Mimi nimesimama karibu na mlango, nimeinama, shavu limekutana na dari.

"Anko, sogeza mzigo."

"Nisogeze wapi, kijana wangu?"

Hakungoja jibu. Akapeleka mkono, akashika alichokiona kinashikika, akavuta.

Feni ikalia vuuuuu, na puto jekundu likatoka nyuma ya kichwa changu, kulia na kushoto kwa pamoja. Upande mmoja likamkandamiza mwanafunzi kwenye kioo, daftari lake la hesabu likiwa limeshika pua. Upande wa pili likaingia kwenye siti ya bibi mmoja aliyekuwa na kapu la vibua. Kibua kimoja kikapanda na puto mpaka usawa wa uso wangu, kikabanwa hapo dirishani, jicho lake na langu vidole viwili tu kati yetu. Magamba yamenigandia mdomoni na mikono yote miwili sina.

"Jini!" akapiga kelele mtu wa siti ya nyuma. Na Tanga ukishataja jini, hakuna anayeomba ushahidi. Nikasikia Ayatul Kursi inasomwa kwa sauti tatu tofauti, kila mmoja na kasi yake. Dereva akafunga breki katikati ya barabara. Konda alitaka kukimbia, lakini puto lilikuwa limembana mlangoni, kichwa nje, miguu ndani, akiomba msamaha kwa mtu ambaye simjui.

Shemeji akageuka polepole. Akatazama saa.

"Tulieni. Dakika tatu."

"Dakika tatu za nini?" akauliza bibi kutoka huko chini alikokuwa.

"Shikamoo bibi. Baada ya dakika tatu feni itafyonza upepo yenyewe. Imetengenezwa hivyo ili aliyefukiwa abakiwe na uwazi wa kupumulia."

"Marahaba. Aliyefukiwa na nini?"

Ndivyo darasa lilivyoanza, mimi nikiwa ubao. Shemeji akaeleza kwamba theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Upepo ukirundika tabaka gumu juu ya tabaka dhaifu, mlima wa mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 unakaa unasubiri. Mtu akikanyaga tu, bamba zima linakatika na kuteremka naye. Wengi wanaofukiwa, akasema, wameliangusha wenyewe, au mwenzao waliyefuatana naye.

"Unasikia, konda?" nikasema. Hakujibu.

"Na hili puto linamwinuaje mtu mzima?" Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Hakuwa na hofu hata kidogo, alikuwa amefurahi. Kabla shemeji hajajibu, bibi akadakia: "Si kama kopo la njugu na mtama? Ukilitikisa, njugu zinapanda juu."

Shemeji akapiga dashibodi kwa furaha. "Hasa! Kikubwa hupanda, kidogo hushuka. Puto linamfanya mtu awe mkubwa."

Mwanafunzi akauliza, sauti ikitokea nyuma ya daftari, aliyefukiwa anaishi muda gani. Shemeji akasema akichimbuliwa ndani ya dakika kumi za kwanza, wengi wanapona. Ikipita nusu saa, wachache. Ndiyo maana kila mmoja huvaa kifaa kinachotoa mawimbi ya redio, wenzake wamtafute kabla hata ya kumpigia mtu simu. Kisha akataja Galtür, kijiji cha mkoa huohuo wa kwao: mwezi wa pili mwaka 1999 theluji iliingia mpaka kati ya nyumba, wakafa watu 31. Waliokuwa wanasoma wakanyamaza. Mwalimu akavua kofia, kwa taabu, maana nayo ilikuwa imebanwa.

"Na Kilimanjaro je?" akauliza.

"Kule njia ya Western Breach tatizo ni mawe. Januari 2006 yaliporomoka yakaua wapandaji watatu, Wamarekani."

Bibi akawaza kidogo. "Sasa huko juu mnafuata nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, bibi. Tunapanda, halafu tunashuka."

"Hakuna hata kuni?"

"Hakuna."

"Mungu awasamehe."

Na hapohapo feni ikabadili sauti. Puto likaanza kunywea, linarudi mgongoni kwangu kwa aibu, kibua kikadondoka ndani ya shati langu. Waliokuwa wakisoma wakaitikia amin kwa kishindo, na siti ya nyuma mpaka leo hawataki kusikia habari za feni. Bibi akanidai kibua chake. Nikakitoa, akakikagua mkia na mashavu, akakirudisha kapuni.

Konda akaingia ndani akijipangusa. Nikadhani sasa ataniomba radhi. Wapi! Akanyoosha kiganja.

"Anko, nauli. Yako, na ya puto. Limekaa siti mbili."

"Wewe ndiye uliyelivuta!"

"Kupanda limepanda, halijapanda?"

Nikatafuta wa kunitetea. Mwalimu akasema kisheria kondakta ana hoja. Bibi akasema mimi nilikuwa nimesimama vibaya tangu mwanzo. Shemeji, mtu wa kamati, akatoa noti akalipa nauli ya watu watatu bila ubishi, kisha akaomba risiti.

Gari zima likacheka. Konda akaikunja noti kidoleni, akarudi mlangoni, akatoa kichwa nje.

"Raskazone hiyo, Raskazone! Ingia, puto limeshanywea, siti mbili zipo!"