Bosi akisema "nitakuangalia"

Katika ofisi na karakana za Dar es Salaam kuna kitenzi kinachochapa kazi kuliko sisi wote: kuangalia. "Vumilia kidogo, mambo yakikaa sawa nitakuangalia." Niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 26, nimesimama pembeni ya mashine ya presi moja kule Ilala, wino hadi kwenye viwiko. Miaka kumi baadaye, nikiwa msimamizi mahali pengine, nilimwambia hivyo hivyo kijana aliyekuwa chini yangu. Kwa hiyo habari ya mwajiri anayeahidi nyongeza ya mshahara kisha akanyamaza naijua kwa kukalia viti vyote viwili, na hicho cha pili hakikuwa na mto kama nilivyodhani.

Hebu tukipime kitenzi chenyewe. Hakina kiasi wala tarehe. Hata anayeangalia hajulikani vizuri: ni bosi kutoka mfukoni mwake, au ni kampuni kupitia orodha ya mishahara? Mfanyakazi akisikia neno hilo, tayari anaona laki moja na mwezi wa saba, pengine na ada ya mtoto imeshalipwa. Bosi analisema kama mtu anayeomba mvua. Wote wawili wanatoka kwenye kikao wakiwa na furaha, kila mmoja na ahadi yake.

Ndiyo maana siafiki sana tunapoanza na swali la kama bosi ni mwongo. Wapo waongo, nimewafanyia kazi. Lakini swali linalomsaidia mfanyakazi ni jingine: alichopewa ni ahadi au ni deni? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kuongeza mshahara kila mwaka. Anachobanwa nacho ni kima cha chini cha sekta yake na kile alichokubaliana na mfanyakazi. Ukiwa juu ya kima cha chini, na mkataba haujataja nyongeza, "nitakuangalia" iko karibu na zawadi. Zawadi huwezi kuidai mbele ya msuluhishi.

Mambo hubadilika kiasi kikitajwa na tarehe ikatajwa. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, mshahara ukiwemo, na yakibadilika ayarekebishe na kumjulisha kwa maandishi. Tena kinasema jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui: kesi ikifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Waajiri wadogo wanaojivunia kwamba "hapa tunafanya kazi kindugu, hatuna makaratasi" wamejivua ngao wenyewe.

Sasa upande wa pili, ambao vijiweni huwa tunaupitia mbio. Chukua mtu anayelipwa 600,000 aliyeahidiwa 700,000. Katika ile laki moja ya nyongeza, 10,000 inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mchango wake, na 90,000 iliyobaki inakatwa kodi ya mshahara, PAYE, ya asilimia 20, yaani 18,000. Mkononi inamfikia 72,000. Mwajiri naye anaongeza 10,000 ya kwake NSSF, 500 ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na kama ana watu kumi au zaidi kuna tozo ya ufundi stadi juu yake. Kwake laki moja imepita 110,000, kila mwezi, na mshahara ukishapanda haushuki bila ugomvi. Mmoja anahesabu alichopata, mwingine anahesabu alichotoa, na hesabu zao zinapishana kwa karibu elfu arobaini. Kila mmoja anamwona mwenzake mchoyo.

Halafu kuna hali ya biashara. Ile presi ya Ilala ilikuwa ikichapa vitabu na fomu kwa wateja waliolipa kwa kuchelewa; ankara ya Februari ililipwa Novemba. Bosi aliyeahidi nyongeza mwezi Machi alikuwa anahesabu fedha ambazo kwenye karatasi alikuwa nazo. Hilo nililijua miaka mingi baadaye, nilipokaa mimi kwenye meza yenye faili za ankara. Wakati ule nilichoona ni kwamba alibadilisha gari.

Na kuhusu gari, nitasema wazi: hoja ya "hali ni ngumu" inakufa siku ileile kitu kipya kinapoegeshwa uani. Mwajiri anaweza kuwa na sababu zake, mkopo, gari la mke wake, chochote. Mfanyakazi haoni mkopo. Kama kweli huna, sema huna, na uonyeshe hata kidogo kwa nini. Waajiri wengi wanashindwa hapa kwa sababu ahadi ni malipo ya bei nafuu. Inamzuia fundi mzuri asiondoke msimu wa kazi nyingi, na gharama yake inakuja baadaye, ikija. Hapo ahadi imeacha kuwa matumaini, imekuwa mkopo uliochukuliwa kwa mfanyakazi bila riba wala tarehe ya kurudisha.

Hata mwajiri mkubwa kuliko wote anaingia kwenye mtego wa maneno. Mei Mosi ya 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia watumishi wa umma kwamba nyongeza haiwezekani mwaka ule, akaahidi mwaka unaofuata. Mei 2022 ikatangazwa asilimia 23.3. Ahadi ilitimizwa, na bado mishahara ya Julai ilipoingia manung'uniko yalikuwa makubwa, kwa sababu ile 23.3 ilihusu kima cha chini, na waliokuwa juu yake walipata asilimia ndogo zaidi. Watu walikuwa wamekwisha kupiga hesabu kwa kikokotoo cha simu, kila mtu na mshahara wake. Asilimia bila kusema ya nini haina tofauti kubwa na "nitakuangalia".

Atakayesema dawa ni maandishi, nitakubaliana naye nusu. Walimu wa Kenya walipata maandishi. Oktoba 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, chama chao cha KNUT kiligoma, serikali ikakubali kupandisha mishahara kwa asilimia 150 hadi 200 kwa awamu. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita, serikali ikasema haina fedha. Walimu wakagoma 1998, wakagoma tena 2002, na mwaka 2013 bado waligoma wakidai marupurupu yaliyoandikwa kwenye tangazo la serikali la 1997. Karatasi peke yake haikuwapa fedha zote. Iliwapa kitu kingine, ambacho sikidharau: miaka 16 baadaye, hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba hawakuahidiwa.

Kwa mfanyakazi mmoja katika duka la vipuri, miaka 16 haipo. Aliye chini ya mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi yuko pazuri zaidi, maana mkataba huo unawabana pande zote na ana watu nyuma yake. Lakini sehemu kubwa ya ahadi hizi hutolewa mahali penye watu wanane na birika la chai, hakuna tawi la chama wala ofisi ya rasilimali watu.

Hapo ndipo mabishano halisi yalipo: avumilie au adai? Wazee wetu kazini walituambia tuvumilie, na hawakuwa wajinga. Kazi ni chache, anayedai sana hupewa jina, na bosi anayebanwa mbele za watu hukataa hata alichokuwa tayari kutoa. Tatizo ni kwamba uvumilivu una saa inayohesabu. Malalamiko ya mshahara yanapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu. "Nilikuwa namheshimu mzee" si sababu nzito sana. Kwa upande mwingine, ukijaza Fomu Namba 1, ile ya kupeleka malalamiko CMA, ukiwa bado unaripoti kazini saa mbili asubuhi, ujue chai ya saa nne haitakuwa na ladha ileile. Sheria inakulinda usifukuzwe kwa sababu umedai haki. Kununiwa haikulindi.

Mimi kule Ilala sikuvumilia wala sikudai. Nilisusa. Julai ilipofika, meseji ya benki ikaingia na namba ileile ya siku zote, nikaisoma mara tatu kana kwamba sifuri ingeongezeka, kesho yake sikwenda. Ukilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, na mimi sikutoa hata moja. Siku nilizokuwa nimefanya kazi sikulipwa, na nilipoomba cheti cha utumishi nilizungushwa hadi nikachoka. Kiinua mgongo kwa anayeacha kazi mwenyewe sheria haitoi. Wapo wanaosema unaweza kudai kwamba mwajiri ndiye aliyekulazimisha kuacha kazi kwa kuifanya isivumilike. Dai hilo lipo kisheria, lakini ahadi moja iliyovunjwa ni msingi mwembamba mno wa kulibeba, hasa kama hukuwahi hata kulalamika kwa njia zilizopo.

Baina ya kususa na kunyamaza kuna njia ambayo kwangu ina nguvu zaidi, ingawa inaonekana ya woga. Mkitoka kwenye kikao, siku hiyohiyo, andika ujumbe: "Shikamoo mzee. Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba mshahara utakuwa 700,000 kuanzia Julai. Kama nimeelewa vibaya naomba unirekebishe." Hauna kiburi ndani yake. Akijibu "sawa", una kiasi na tarehe, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi. Akisema "sikusema hivyo", umeujua ukweli mwezi Machi badala ya Julai. Akinyamaza, nalo ni jibu, japo dhaifu. Tarehe ya kwanza ikipita, ningempa nafasi ya pili, kwa sharti kwamba atoe tarehe mpya yeye mwenyewe. Asiyeweza kutaja hata tarehe, tafuta kazi kwingine ukiwa bado unalipwa hapa.

Nilijifunza hilo kutoka kwa yule kijana niliyemwahidi mimi. Mwezi wa nane alikuja mezani kwangu na daftari la delivari, akalifungua ukurasa wa nyuma. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: tarehe, saa, na maneno yangu jinsi nilivyoyatamka, pamoja na laki moja niliyoitaja kwa kujiamini wakati sikuwa na mamlaka ya kutoa hata elfu kumi. "Kaka, nimekuja tu kuuliza," akasema. Sikuwa na la kusema. Nililichukua daftari lenyewe nikapanda nalo kwa mkurugenzi.

Alipata 60,000 badala ya laki, kuanzia Oktoba badala ya Julai. Miezi mitatu ya katikati haikulipwa na hakuidai. Pasaka iliyofuata alileta notisi ya siku 28, mistari minne, mshahara hakuutaja. Akaomba arudishiwe daftari.