Mama wa daftari hajakataa ukweli

Hapa Arua, Uganda, kuna mama ambaye kwa miezi minne amekuwa akiandika. Kila usiku, mwanawe wa miaka tisa akishalala, anafungua daftari la shule na kuweka humo saa ambayo mtoto amelala, alichokula, kilichomkasirisha na muda ambao hasira ilikaa. Daktari alimwambia mtoto ana ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu, na huenda ana bipola pia, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. La kwanza alilikubali palepale. La pili aliomba lisubiri. "Shemeji, unakataa ukweli," kaka wa mumewe alimwambia mbele ya watu. "Unamchelewesha mtoto dawa."

Hoja ya shemeji ina uzito. Bipola isiyotibiwa inaweza kumfikisha mtu kujidhuru. Tena dawa za ADHD kama methylphenidate zaweza kumchochea zaidi mtoto mwenye bipola, ndiyo maana madaktari hupenda kutuliza hisia kwanza. Na kutoka Arua hadi hospitali ya akili ya Butabika jijini Kampala, yenye wodi ya watoto, ni karibu kilomita 500. Ukishafika huko, nani hataki kumaliza yote siku hiyohiyo?

Shida ni kwamba magonjwa haya mawili yanafanana sana kwa mtoto: maneno yasiyoisha, kukatiza wenzake, kutotulia, hasira za ghafla. Kinachoyatenganisha ni kalenda. ADHD huanza kabla ya miaka 12 na ipo siku zote, nyumbani na shuleni. Bipola huja kwa vipindi. Kwa siku kadhaa mtoto anakuwa si yule unayemjua, kisha anarudi. Jambo kama hilo halionekani kwa dakika ishirini chumbani kwa daktari. Huonekana jikoni, na usiku wa manane, na anayekuwepo hapo ni mama.

Marekani waliliona hili kwa gharama kubwa. Kati ya 1994–95 na 2002–03, ziara za watoto na vijana kwa madaktari zilizoandikwa bipola ziliongezeka mara 40. Mara arobaini, kwa miaka isiyofika kumi! Siamini hata kidogo kwamba watoto wenyewe walibadilika hivyo. Wengi wao walikuwa watoto wenye hasira za kila siku, na walipofuatiliwa ukubwani ilionekana kinachowapata zaidi ni sonona na wasiwasi. Kumbe tayari kulikuwa na waliokwisha kunywa dawa kali zinazonenepesha na kupandisha sukari. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa huko ukatenga jina jingine kwa watoto wa namna hiyo, ili wasiitwe bipola ovyo. Ikiwa nchi yenye wataalamu wote wale iliteleza, kwa nini mama wa Arua aonewe kwa kuomba muda?

Wanaosema dawa ya mtoto huyu ni kiboko nao wapo, bibi yake akiwa wa kwanza. Sheria ya watoto ya 2016 imekataza viboko shuleni, lakini daftari lina habari yake: "Jumanne kachapwa kwa kuacha kiti. Usiku hakulala. Jumatano asubuhi hasira dakika 40." Kurasa za namna hiyo ni nyingi. Zisingeandikwa, Jumatano hizo zote zingehesabiwa kuwa bipola.

Kusubiri kuna mpaka, na yeye anaujua. Siku mtoto atakapotamka kwamba anataka kufa, atapanda basi usiku uleule. Sijaona kukataa ukweli hapo. Aprili kuna siku tatu mfululizo alizozungushia kalamu nyekundu. Mtoto alilala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, akaamka anaimba, hakuchoka mchana kutwa, na hakuna aliyekuwa amemchapa. Kurasa hizo amezikunja pembe. Ndizo atakazomfungulia daktari kwanza.