Dagaa wa Kibirizi na mifupa ya anayemeza prednisoloni

Pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, ukilalamikia mifupa utaambiwa ule dagaa. Ushauri huo si wa kupuuza. Dagaa huliwa na miba yake, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Jua la Kigoma nalo huusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Mtu mzima anayetumia steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe mwilini kama prednisoloni, kwa muda mrefu anahitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku, na dagaa wanampunguzia sehemu nzuri ya safari hiyo.

Ila prednisoloni haili mfupa kwa njia moja. Hupunguza kalsiamu inayofyonzwa na utumbo, huongeza inayotoka na mkojo, na, hili ndilo zito, hudhoofisha seli zinazojenga mfupa huku zinazoubomoa zikidumu zaidi. Matofali yapo, mafundi hawapo. Kasi huwa kubwa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, wakati mgonjwa wa pumu au lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) ndiyo kwanza anafurahia nafuu. Miongozo ya Marekani ya 2022 inataka hatari ipimwe hata kwa anayemeza miligramu 2.5 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 5, ikizidi miezi 3. (Anayevimeza ili anenepe tu anauza mifupa yake bure.)

Basi kila mmoja apewe alendroneti, dawa ya kuzuia mfupa usibomoke? Hapo nasita. Dawa hiyo hukaa mfupani miaka mingi, hivyo binti anayetarajia kuzaa baadaye ana la kujadiliana na daktari kwanza. Figo zilizochoka sana haziifai. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa, maana huweza kuunguza umio.

Lakini mama aliyekoma hedhi, au mzee aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka tu, sioni sababu ya kumngojesha hadi apate kipimo cha uzito wa mifupa. Umri, dozi na historia yake vinatosha daktari kuamua. Pingili ya mgongo ikishapondeka hairudi umbo lake. Kijana asiye na hatari nyingine abaki na dagaa, jua, kutembea, kuacha sigara, na swali moja kila akienda kliniki: dozi yangu inaweza kushushwa?

Kushushwa, si kukatwa. Ninachoogopa zaidi ni mtu kusikia haya akatupa vidonge leo. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zikizoea kubebwa na dawa huchelewa kuamka. Presha huweza kuporomoka, mtu akaanguka, na huo mfupa tuliokuwa tunauhurumia ukavunjika siku hiyo hiyo.