Mtoto wa mwisho naye aandikwe

Mwezi wa sita huku Uingereza ni mwezi wa ushahidi. Shule ya msingi ninayofanya kazi ya usaidizi wa darasa inaomba tuzo ya School Games Mark, inayopewa shule zinazowashirikisha watoto kwenye michezo, ngazi ya dhahabu, na kazi ya kukusanya vielelezo nimepewa mimi. Zinatakiwa picha za watoto wakicheza, na kabla ya kuweka picha hata moja lazima nihakikishe mzazi wa kila anayeonekana alisaini kuruhusu mwanawe apigwe picha. Zinatakiwa rejista za klabu za baada ya masomo, matokeo ya mashindano, orodha ya waliosafiri, na majina ya wale wakubwa waliofundishwa kuongoza michezo ya wadogo zao wakati wa mapumziko. Nasema kweli, inachosha. Juzi nimebaki shuleni hadi mlinzi anafunga mageti, nalinganisha rejista ya riadha na ya hoki kwa sababu mtoto mmoja kaandikwa majina mawili tofauti na nilitakiwa nithibitishe kuwa ni yeye yule.

Lakini ndani ya mzigo huo kuna jedwali moja ambalo tangu nilione sijaacha kufikiria shule zetu.

Lina watoto wote, kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Kila mtoto ana mstari wake, na mbele ya jina imeandikwa yuko klabu gani, alicheza nini kwenye mashindano ya ndani ya shule, na ni lini alitoka kwenda kuiwakilisha shule. Mwalimu wa michezo akilifungua hahangaiki na wenye alama nyingi. Anawachuja wale ambao mstari wao ni mtupu, anachapa majina yao, anayabandika ukutani kwenye ofisi ya walimu. Hao ndio wanaopewa kipaumbele kwenye safari inayofuata. Wiki iliyopita walipelekwa kwenye boccia, mchezo wa kurusha mipira laini ya ngozi ili iusogelee ule mweupe, ambao mtoto wa kiti cha magurudumu anacheza sawasawa na mwenzake anayesimama. Kulikuwa na binti mmoja mkimya, wa wale ambao ukiita majina unalazimika kurudia ili usikie jibu. Timu yake ilishika mkia. Alirudi kwenye basi amekishika cheti chake cha kushiriki kwa mikono miwili, akakataa kukiweka kwenye begi kisije kikakunjika.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wanafunzi wangu wa nyumbani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo kwenye shule ya msingi mkoani Morogoro kabla sijaja huku. Walimu wenzangu mnaijua hiyo kazi, sina haja ya kuwasimulia: mpira mmoja, jezi za kuazima shule ya jirani, na nauli ya watoto inayotoka kwenye mfuko wako halafu unaambiwa usubiri. Ikikaribia UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini, unachagua timu ya shule, kata inachuja, wilaya inachuja, mkoa unachuja, mwisho wanabaki wachache wanaokwenda kambini na kupigiwa ngoma. Nawapongeza hao, wanastahili. Ila niulizeni leo ni watoto wangapi wa shule yangu waliocheza chochote mwaka ule, nje ya wale wa timu. Hakuna anayejua. Mkuu wa shule hajui, Afisa Elimu Kata hajui, wizarani hawajui, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa.

Si kwamba ushahidi hatuujui. Tunaujua sana. Ukipeleka timu wilayani unabeba picha za pasipoti, kumbukumbu za usajili, mihuri, saini ya mkuu wa shule, na bado mtoto atasimamishwa mbele ya kamati aangaliwe meno na ndevu. Tunafanya hivyo kwa sababu ya mamluki. Kila aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wa UMITASHUMTA amemwona kijeba wa sekondari kavalishwa kaptula ya darasa la sita. Kwa hiyo karatasi zipo na wino upo. Tatizo ni kwamba karatasi zetu zote zinamhusu yule aliyekwisha kuchaguliwa, na mamluki wenyewe wamezaliwa na mfumo huo huo: kama kinachohesabika ni ushindi peke yake, mtu atatafuta ushindi kwa njia yoyote. Huku shule inapata alama kwa kuonyesha imewafikia wangapi, hasa wale wasiopenda michezo. Kumleta kijeba hakukuongezei kitu.

Najua kinachokuja. "Huyu kakaa Ulaya kidogo, kumempanda kichwani." Ndugu yangu, ngoja kwanza, maana sijaja hapa kuwasifia Waingereza. Hawa ni watu ambao kwa miaka mingi waliuza viwanja vya shule zao vikajengwa nyumba, na leo zaidi ya theluthi moja ya watoto wao wa darasa la sita wana uzito uliozidi. Wanawapima shuleni, ndiyo maana wanajua. Mtoto wa huku anapelekwa shule kwa gari, anarudi kwa gari, jioni yuko kwenye skrini. Serikali ilibidi iwaambie walimu wahakikishe anapata angalau dakika 30 za kuchangamsha mwili akiwa shuleni, na nyingine 30 azipate nje ya shule, kwa sababu madaktari wakuu wao walisema mtoto anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Wa kwetu anazimaliza hizo kabla ya kengele ya kwanza, na ndoo kichwani.

Na mnaijua Daily Mile? Ilianzia kwenye shule moja ya msingi pale Stirling, Scotland, mwaka 2012. Mwalimu mkuu aliona watoto wanahema kwa mazoezi madogo, akaamua watoke nje kila siku wakimbie au watembee dakika 15. Leo imeenea nchi nyingi, ina tovuti, ina ramani, ina watafiti. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema peke yangu: hii si mchakamchaka? Sisi tumekimbia mchakamchaka tangu wazazi wetu wakiwa wanafunzi, alfajiri, pekupeku, shule nzima pamoja na wale wazito na wale wafupi, kiranja mbele anaanzisha, sisi tunaitikia. Hakuna aliyechujwa kwenye mchakamchaka. Tulikuwa na kitu ambacho dunia inakitafuta sasa hivi, na tumekiacha kinafifia bila kuandika popote kiliwafikia watoto wangapi na kiliwasaidia nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyasema hapa, maana Waskoti hawakutuzidi akili wala moyo, wametuzidi kalamu.

Kuna na jambo la pesa. Tangu 2013 serikali ya huku inazipa shule za msingi fedha maalumu za michezo. Kiasi kiliongezwa maradufu 2017, na shule yenye watoto 17 au zaidi imekuwa ikipewa pauni 16,000 kwa mwaka, na juu yake pauni 10 kwa kila mtoto. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya milioni 50. Msikimbilie kusema "ndiyo maana wanaweza." Tazameni masharti yake. Kufikia tarehe 31 Julai shule itangaze kwenye tovuti yake imezitumia vipi, na itaje ni watoto wangapi wa darasa la sita wanaoweza kuogelea mita 25. Mzazi yeyote anafungua na kusoma. Tuzo yenyewe ya School Games Mark, iliyoanza mwaka 2012, mwaka wa Olimpiki ya London, haina hela ndani yake. Ni shaba, fedha na dhahabu za heshima tu, na platinamu kwa walioishika dhahabu miaka kadhaa mfululizo. Mratibu wa michezo wa eneo anapitia maombi na anaweza kuomba kuona vielelezo. Shule zinahangaikia heshima hiyo, na katika kuhangaika zinalazimika kumtafuta mtoto asiyetafutwa.

Mwingine ataniambia, tena huyu nitamsikiliza kwa makini kwa sababu huwa ni mwalimu: "Nina watoto zaidi ya mia darasani, madawati hayatoshi, wewe unanizungumzia majedwali?" Nakuelewa, mwalimu. Nilikuwa huko na chaki yangu. Sikuombi kompyuta wala picha mia mbili zenye vibali vya wazazi. Huo upande wa huku mimi mwenyewe naupinga, na nimewaambia wakubwa wangu: kuna wiki nzima za mwaka ambapo mwalimu wa michezo yuko kwenye kiti anapanga ushahidi wa michezo na watoto wako ndani wanamsubiri. Karatasi ikimla mtoto haina faida. Nakuomba kitu cha daftari la kaunta la mistari, basi.

Halafu yupo yule wa tatu, mwenye sauti kubwa kuliko wote: "Vyeti vya kushiriki vinalea uvivu. Mshindi ni mshindi, wengine ni wasindikizaji." Kwa huyu nina majibu mawili, na yote ni ya Tanzania.

La kwanza ni John Stephen Akhwari. Mexico City, Oktoba 1968, mbio za marathoni. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishamaliza zaidi ya saa moja kabla, giza limeingia, watazamaji wamebaki wachache, ndipo Akhwari akaingia uwanjani anachechemea mpaka mstari wa mwisho. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa kati ya waliomaliza. Tunamfundisha kwa watoto, tunatembea kifua mbele kwa ajili yake, na wazungu wanamtaja kwenye hotuba zao. Basi nielezeni: taifa ambalo shujaa wake mkubwa wa Olimpiki ni mtu wa mwisho, linawezaje kumwita mtoto wa mwisho msindikizaji na lisiandike hata jina lake? Akhwari tulimjua kwa sababu kamera ilikuwepo. Wa darasa la nne aliyemaliza mita 800 wenzake wameshakunywa maji hana kamera, na mwalimu ameshakunja karatasi yake baada ya namba tatu.

La pili ni Alphonce Simbu. Septemba 2025 Tokyo, dhahabu ya marathoni ya dunia, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano hayo, akiwa amelingana muda na Mjerumani hadi picha ya mstarini ikaamua. Nililia hapa sebuleni, majirani wakadhani nimefiwa. Na medali zetu za Olimpiki ni mbili tu mpaka leo, za fedha, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 inategemea bahati kuwapata watu hawa. Mtoto wa miaka kumi aliyechelewa kukua anaachwa kwenye mchujo wa kwanza wa shule na harudi tena kuangaliwa. Ukiwa na jina lake kwenye daftari, na mwaka unaofuata ukamwita tena kwa sababu mstari wake ni mtupu, ndipo unapojua kama una mkimbiaji au huna. Kuwaandika wa mwisho hakumpunguzii mshindi kitu. Kunaongeza watu wa kushindana naye.

Tunajenga viwanja kwa ajili ya AFCON 2027 na mimi nafurahi, nitakuja Mungu akipenda. Lakini pale mtaani uwanja wa shule umezungushiwa fremu za maduka, na zile shule za binafsi zilizobanana kwenye nyumba za kupanga watoto wanacheza kwenye maegesho ya magari. Uwanja ukiliwa nani atapiga kelele, kama hakuna kumbukumbu inayoonyesha watoto mia tatu walikuwa wanautumia kila wiki? Ukienda kwa diwani na daftari lenye majina na tarehe, utasikilizwa tofauti na ukienda na malalamiko.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo na naitoa kwa wenye mamlaka nayo. Rejista ya mahudhurio inaitwa kila asubuhi nchi nzima. Ijumaa, baada ya kuita majina, mwalimu aweke alama moja zaidi kwa kila aliyecheza wiki hiyo, awe amecheza netiboli, chandimu, rede, kuruka kamba, chochote. Mwisho wa muhula ahesabu waliobaki bila alama, na timu ya kirafiki inayofuata iwe yao. Afisa Elimu Kata anauliza takwimu za madawati, za matundu ya vyoo, za utoro, za mimba. Aulize na hii: wangapi hawajacheza?